Kompyuta ya Mzee Asiyekuwepo

Mama yangu alinifundisha kununua kabla hajanifundisha kupika. Tukienda sokoni Temeke alianza kunikanya tangu njiani: usikitazame kitu unachokitaka, tazama cha jirani yake, na ukiulizwa ni cha kazi gani, sema umetumwa. Mtu aliyetumwa hana shida wala haraka, na hana uwezo wa kuongeza hata shilingi kwa kuwa hela si yake, kwa hiyo muuzaji hana pa kumshikia. Kwa ujanja huo nimenunua vitenge, godoro, majiko, hata jogoo wa Krismasi, na sikuwahi kupigwa. Nilijiona bingwa mpaka siku nilipokwenda kununua kompyuta.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe, na nilikuwa nimepanga vyumba viwili Tabata. Nina binti mmoja. Alizaliwa kwa taabu, hewa ikachelewa kumfika, na hospitali wakaniambia ana mtindio wa ubongo. Alikuwa ametimiza miaka saba. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, hasemi, lakini anacheka kwa sauti ya kukwaruza ambayo majirani wote wanaijua, na akinitaka ananiita kwa mlio mmoja ambao sijapata kuusikia kwa mtu mwingine. Baba yake alivumilia kwa muda, kisha akahamia Bunju kwa mwanamke mwingine, kirahisi tu, kama mtu aliyebadilisha shati.

Aliyebaki ni mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kwao Masasi kuja kumwogesha mjukuu kwa miezi michache. Mwanawe akaondoka, yeye akabaki. Watu wa mtaani walishangaa kuona mkwe na mkwe wanaishi pamoja bila mume katikati, na wengine walinijia kwa upole wa kinafiki kuniuliza kama tunaelewana. Niliwaambia tunaelewana kuliko wao na waume zao. Hiyo ndiyo hulka yangu, na sioni kama itabadilika.

Mimi nilitoka nyumbani alfajiri, yeye ndiye aliyembeba mtoto, akamlisha, akamnyoosha viungo kama tulivyofundishwa kliniki. Mtoto akazidi kuwa mzito, bibi akazidi kuwa mzee. Siku moja nilirudi kazini nikawakuta wote wawili sakafuni, bafuni. Hakuna aliyevunjika. Bibi alikuwa ameteleza akashindwa kuinuka, mtoto kalala juu ya mkono wake anacheka, na maji ya ndoo yamekwisha poa zamani. Nilipomwinua akasema hajambo. Kila siku alisema hajambo.

Jioni ile ile, akiwa amejiegemeza ukutani na kitambaa cha maji moto kiunoni, akanipa shauri. Alisema yeye na mtoto waende Masasi. Kule wapo mashangazi, wapo mabinti wa ndugu, mikono ni mingi. Kaka yake alikuwa mjini kwa matibabu ya macho na angerudi kwa basi la Jumatatu ya wiki iliyofuata, kwa hiyo angemsaidia kumbeba njiani.

Mimi niliwahi kufika kijijini kwao. Nyumba ya tatu kutoka kwao nilimwona mtoto kama wangu, mkubwa kidogo, kalazwa juu ya gunia kwenye kona ya jiko, na watu wanamruka wakienda kuchukua moto. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na mikorosho yao ya kupalilia, na hakukuwa na mtu wa kukaa na yule mtoto mchana kutwa. Baadaye nilipomuulizia nikaambiwa alikohoa kidogo tu, akafa. Kwa hiyo mama mkwe aliposema Masasi, mimi niliona lile gunia. Nilimwomba anipe hadi Jumatatu hiyo nitafute kazi ya kufanyia nyumbani. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukuta.

Na kazi ikapatikana, ndiyo maana nilizidi kuogopa, kwa kuwa kitu kikishapatikana ndipo kinaweza kupotea. Dada mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi kiwandani alikuwa amehamia ofisi ya watafiti. Wanakwenda kuhoji watu, wanarekodi sauti, kisha anatakiwa mtu wa kusikiliza na kuandika neno kwa neno. Aliniambia kazi ipo na malipo ni ya kueleweka, ila kuna masharti. Niwe na kompyuta ya mezani, isiyotoka nyumbani, kwa sababu zile sauti ni siri za watu na walishawahi kuibiwa laptopu ndani ya basi. Niweke programu yao ya kusikilizia. Halafu nifanye rekodi moja ya majaribio na kuirudisha Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi. Nisipoirudisha, wapo wengine wanaosubiri.

Kuchapa nilikuwa najua. Nilichapa kila siku kazini, kwenye mashine ambayo mtu mwingine aliinunua na mtu mwingine aliiunganisha, kama mtu anayejua kula wali lakini hajawahi kuona shamba la mpunga. Pesa ilikuwepo, ya kikoba, chama chetu cha akiba, tulikuwa tumekivunja na kugawana mwezi ule. Kilichokosekana ni akili ya kuchagua, na hiyo nilikwenda kuiomba mtaani, kosa kubwa. Jirani wa kushoto akasema tazama skrini, ikiwa pana umemaliza. Mangi wa duka la rejareja pale kona akasema inyanyue, ikiwa nzito ni imara, nyepesi ni za kichina. Mwingine akaniapia kwamba kompyuta yoyote isiyo kwenye boksi lake ni ya wizi. Kila mmoja alisema kwa uhakika wa daktari, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kompyuta nyumbani kwake.

Jumamosi nikaenda Chang'ombe, kwenye duka nililokuwa nikilipita kila siku nikienda kazini. Lilikuwa limebanwa kati ya wachomeleaji wawili wa mageti, na ndani skrini zilipangwa ukutani hadi juu, zote zikionyesha picha moja ya milima. Muuzaji alikuwa mwanamume wa rika langu, mwenye lafudhi ya bara na kitambaa begani, anafuta kioo hiki na kile huku akiongea. Alinikaribisha vizuri, akanivutia kigoda. Mimi nikaanza kutazama mashine za kuchapia ambazo sikuzihitaji.

Akaniuliza nataka kompyuta ya kazi gani. Nikamwambia nimetumwa.

Akauliza na nani. Hapo ndipo nilipomtunga mzee. Nilisema ni mzee mmoja mstaafu, yuko Bunju, anataka kompyuta ya kuandikia barua kwa watoto wake. Muuzaji akauliza kama mzee atakuwa anaitumia saa nyingi. Nikasema aitumie saa nyingi ana nini cha kufanya, ni baada ya chai ya asubuhi tu. Akauliza kama ataweka programu nzito. Nikacheka, nikasema mzee wa watu na vitu vizito wapi na wapi. Akauliza kuhusu intaneti, kuhusu kusikiliza sauti, kuhusu video. Kila swali nilimjibia mzee, na kila alivyouliza ndivyo mzee alivyozidi kunenepa. Nilimpa miwani, nikampa kanzu, nikampa na macho mabovu ili apate skrini pana aliyoniambia jirani.

Yule bwana alinitolea mbili. Moja ilikuwa nyeusi, kasha lake limechubuka ubavuni, skrini yake ndogo kama dirisha la choo. Akasema hiyo ndani yake ina nguvu sana, wanaichukua watu wa kazi. Ya pili ilikuwa nyeupe, inang'aa, skrini pana ajabu. Hiyo akasema wazi kwamba ndani ni ya siku nyingi kidogo, lakini kwa barua za mzee inatosha na itabaki, na yeye haoni sababu ya kumtia mzee hasara kwa ile nyeusi. Niliinyanyua ile nyeupe. Ilikuwa nzito.

Tukavutana bei. Nilitoka nikarudi, nikajifanya nampigia mzee, nikasikitika kwamba kanikatalia, nikatoka tena. Nilimshusha hadi akashika kiuno. Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Niliisoma nikafurahi, maana niliona inamzuia yeye asijutie bei niliyompa. Nilirudi Tabata na bajaji kifua mbele, nimekumbatia boksi.

Mama mkwe aliipokea kwa sala fupi, mkono juu ya boksi. Tukaiweka kwenye meza ya chakula. Nilipoiwasha na kioo kikajaa mwanga, binti yangu aliyekuwa mkekani akapiga kile kicheko chake mpaka akapaliwa. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha kamili, naikumbuka mpaka leo kwa sababu haikukaa.

Dada wa ofisini akaniongoza kwa simu ya jirani niliyoiazima, huku simu yangu nimeichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia ili ipate intaneti. Tukaishusha ile programu. Nikaibofya. Kikatokea kijisanduku cha maneno ya Kiingereza kusema haiwezekani. Tukazima tukawasha, kikatokea tena. Akaniambia nifungue mahali fulani nimsomee yaliyoandikwa kuhusu mashine yenyewe. Nikamsomea. Akaniambia kwa huruma kwamba mashine ile ni ya zamani mno na uwezo wake ni mdogo, haitaibeba programu hata tukeshe. Akaniuliza kwani sikuwaeleza dukani ni ya kazi gani.

Nilikaa chini pale pale karibu na meza. Kwanza nilimtukana yule muuzaji, mwizi, tapeli, mla jasho la wanawake. Lakini kila tusi nililolitoa lilikutana na swali lake alilowahi kuniuliza, akiwa na kitambaa begani, kwa subira. Saa nyingi? Programu nzito? Sauti? Alikuwa amemuuzia mzee wa Bunju kompyuta nzuri kabisa. Mimi ndiye ambaye sikuuziwa kitu.

Nilikata tamaa, silifichi neno hilo. Pesa ya kikoba haikuwepo tena, kazi kiwandani nilikuwa nimekwisha kuiaga Ijumaa kwa pupa, na karatasi ya wino mwekundu ilikuwa machoni pangu kila nikiyafumba. Chumbani nikasikia begi likifunguliwa zipu. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo za mtoto, zile sketi za mpira wa kiunoni zinazomfaa, anazipanga kimya kimya. Sikuwa na haki ya kumzuia. Muda nilioomba alikuwa amenipa.

Jumapili asubuhi nikampigia muuzaji kwa namba iliyokuwa kwenye risiti. Alisema atafungua baada ya ibada, ila hatakaa sana. Nilitaka kumwacha mtoto, nikakuta mama mkwe kiuno kimemkamata, hawezi hata kukaa kitako kitandani. Aliniambia hajambo, niende tu. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, miguu yake ikining'inia mpaka magotini kwangu, dereva wa bajaji akanibebea kompyuta. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijiapiza kitu kimoja, kwamba sitamtumia mwanangu kuombea. Watu wengi wanaponiona naye barabarani hunitupia sarafu kabla sijafungua mdomo, na kila mara nazirudisha.

Kwa hiyo nilipoingia dukani, jasho linanitoka na mtoto mgongoni, nilifanya nini? Nikasema mzee amebadili mawazo.

Muuzaji alinitazama, akamtazama mtoto, akaonyesha ukutani kwa kidole. Nikasema naijua sheria yake, lakini mzee anasisitiza, sasa anataka ile nyeusi. Akauliza kwa nini mtu wa barua mbili tatu aitake nyeusi. Nikasema wazee ndivyo walivyo. Akauliza sasa anataka kuifanyia nini. Nikaanza kubabaika, nikasema labda anataka kusikiliza hotuba, labda wajukuu, sijui, mie nimetumwa tu. Alifuta kioo kimoja chote hadi pembeni kabla hajanijibu.

"Dada, mie na wewe tutaumizana bure," alisema. "Ukichukua hii leo, kesho utarudi tena na jingine. Mpigie huyo mzee niongee naye mwenyewe."

Akanyoosha mkono apewe simu. Naapa nilianza kutafuta ndani ya simu yangu mzee wa kumpigia. Nilimfikiria mlinzi wa kiwandani, nikamfikiria mjomba wangu wa Mbagala, kwamba nikimnong'oneza haraka huenda atanielewa. Kidole kinapanda na kushuka kwenye majina. Kanga zikalegea, mtoto akaanza kuteleza mgongoni, akaita kwa ule mlio wake, kwa nguvu, hadi mchomeleaji wa nje akazima mashine yake kusikiliza. Nikamshika kwa mkono mmoja, simu ikaanguka.

"Hakuna mzee," nikasema. "Mwenyewe ni mimi."

Hakushangaa sana kama nilivyotegemea. Aliniokotea simu, akanisaidia kumshusha mtoto, akavunja boksi tupu akalitandika sakafuni, nikaweka kanga juu yake nikamlaza. Kisha akasimama ananisubiri. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, vipande vipande, nikianzia mwisho: basi la kesho, nguo ndani ya begi, saa nne asubuhi, sauti za watu, bafuni, gunia la Masasi, Bunju na aliye Bunju. Nililia, kitu ambacho sikuwahi kukifanya mbele ya mfanyabiashara. Mama yangu angeniona siku ile angenikana. Shida yangu yote nimeimwaga kaunta, na pesa yangu yote imekwisha ingia mfukoni mwake, hakuna alichobakiza cha kunifanya.

Hakunipa pole. Alikasirika, kweli kweli, akalitupa lile tambara juu ya meza.

"Jana nilikuuliza, dada. Nilikuuliza mpaka nikachoka. Mie nifanyeje? Unaniletea ugonjwa wa mtu mwingine, halafu dawa unywe wewe?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha hadi nikaenda kununua nguo ya mtu mwingine. Nikamwambia nisamehe kaka. Akavuta kigoda, akaketi upande wangu wa kaunta badala ya wake, akaanza upya maswali yale yale ya jana. Safari hii nilijibu kama tunavyojibu kliniki, bila kupamba. Saa ngapi kwa siku? Siku nzima. Programu gani? Nikamwonyesha ujumbe wa dada wa ofisini. Intaneti? Ya simu, hakuna nyingine. Umeme ukikatika? Hapo nikasema sijui, sikuwa nimefikiria. Akatikisa kichwa, akasema na hilo tutalijua siku nyingine.

Ile nyeusi ilikuwa na thamani zaidi, na mimi nilikuwa na nauli ya bajaji tu. Aliirudisha nyeupe na skrini yake pana, akanipa nyeusi na ile skrini ndogo, akafikiri, akasema hapo kaumia kidogo lakini si sana. Sikumshusha wala sikumpandisha. Lilikuwa jambo geni mdomoni mwangu, kutajiwa bei nikasema asante. Halafu akanikatalia kuondoka. Alisema haitoki dukani mpaka niione inafanya kazi yangu mimi. Tukaichomeka pale, akaishusha programu kwa intaneti yake, akaelekeza feni kwa mtoto wakati tunasubiri. Aliponivalisha hedifoni nikaifungua ile rekodi ya majaribio, nikasikia sauti ya mwanamume asiyenijua, anakohoa, anaanza kueleza jinsi mihogo yake inavyoozea shambani barabara ikikatika. Sijawahi kusikia habari tamu kama ile.

Nilichapa Jumapili ile mpaka jua likazama, mtoto nimemwegemeza kwenye mito karibu yangu, nikisimama kumlisha na kumgeuza. Mama mkwe alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Kulipokucha Jumatatu nikamalizia na kutuma. Dada wa ofisini hakukawia. Alinipigia akasema mkubwa wake amesoma kurasa za mwanzo ameridhika, kazi ni yangu, na rekodi nyingine anaituma sasa hivi.

Niliingia chumbani kwa mama mkwe bila hodi. Alikuwa amekwisha kuvaa, gauni lake la kanisani na kilemba, ameketi ukingoni mwa kitanda na begi miguuni. Nikampa shikamoo, nikamwambia mama, nimepata, mtoto haendi. Akasema marahaba, akamshukuru Mungu, na nikaona kweli ameshukuru. Kisha akainama kwa shida, akafungua begi, akatoa nguo za mtoto moja moja akaziweka kitandani. Nilisubiri azitoe na zake. Akafunga zipu.

Nikadhani hajanielewa. Nikamweleza upya kwamba sasa nitashinda nyumbani, kumbeba nitambeba mimi, kumwogesha mimi, yeye kazi yake itakuwa kukaa na kula. Hana tena sababu ya kwenda popote. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mie ndiye niliyetaka kwenda, mwanangu," alisema. "Mtoto nilimtanguliza tu. Ningesema nimechoka, nakumbuka kwetu, ungenionaje? Mwanangu kakuacha, na mie nikuache?"

Nilitafuta hasira nikaikosa. Wiki nzima nilikuwa nazunguka mji mzima kumwokoa mtoto wangu mikononi mwake, na yeye kumbe alikuwa anaomba ruhusa ya kupumzika, kwa lugha pekee aliyoona sitaikataa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamuuliza kiuno kilianza kumuuma lini hasa. Akasema zamani. Nikamwambia angesema. Akatabasamu kidogo, akaniomba nimpe mkono asimame.

Alikwenda kwa mtoto, akamshika mashavu, akamwambia maneno ya kikwao ambayo sijui maana yake, na mtoto akamcheka kama kawaida yake. Kaka yake alikuwa nje ndani ya bajaji, jicho moja limefunikwa pamba. Nilichukua begi nimsindikize mpaka stendi, angalau. Nikafika mlangoni, mtoto akaita kutoka ndani. Nikasimama. Akaita tena. Mama mkwe akarudi hatua mbili, akalitoa begi mkononi mwangu.

"Nenda kamwangalie," akasema.

Bajaji ilipokata kona nilirudi ndani. Rekodi ya pili ilikuwa imeshafika. Nilimlaza mwanangu mkekani karibu na miguu yangu, nikavaa hedifoni sikio moja, na lile jingine nikaliacha wazi, maana sasa humu ndani hakuna mwingine wa kumsikia akiita.